Aliyesema Nendeni

Mwaka tulioambiwa tuhame, nilikuwa bado mgeni kijijini. Nilizaliwa Kanyenye, mjini Tabora, nikakulia kwenye mlio wa cherehani ya baba na kikohozi cha majirani upande wa pili wa ukuta. Nilipoolewa na seremala wa kijiji kimoja kilichokuwa ndani ya miombo, upande wa Kigwa, kitu cha kwanza kunitisha kilikuwa ukimya. Mchana wa kiangazi, miti imepukutisha majani na watu wamekimbilia vivulini, jembe likiangushwa nyumba ya mbali ungedhani limeangushwa mlangoni pako.

Tuliishi na mama mkwe wangu, mjane mrefu, mpole wa maneno, aliyenipenda kwa vitendo. Asubuhi nikipiga goti na kusema, "Shikamoo mama," aliitikia, "Marahaba," huku akinisogezea kigoda karibu na moto. Nyumbani walisema Kinyamwezi. Nikikosea neno hakucheka. Alilirudia polepole mpaka nilishike.

Jioni nilifundisha kisomo cha watu wazima kanisani, maana ndilo lililokuwa jengo pekee lenye mabenchi. Lilikuwa kanisa la matofali mabichi na paa la bati, na ukuta wake wa nyuma ulikaribiana kabisa na njia ya zamani ya misafara. Njia yenyewe haikuwa na kazi tena. Reli ilikwisha kuinyang'anya abiria na mizigo kabla mume wangu hajazaliwa. Lakini ilionekana wazi katikati ya miti, imebonyea kuliko ardhi ya pembeni, na nyasi zake zilikuwa fupi hata mahali ambapo hakuna aliyezikata. Wachunga ng'ombe hawakupitisha mifugo humo. Nilipouliza kwa nini, niliambiwa tu kwamba ng'ombe hawapendi.

Kisha ikaja operesheni ya vijiji. Mwenyekiti wa tawi la chama alikuja na baiskeli yake, akatukusanya, akatueleza kwamba kabla ya mvua kaya zote zilizotawanyika porini zihamie kwenye vijiji vya ujamaa. Sisi tuligawanywa. Nusu yetu tulipangiwa kijiji kipya karibu na reli, na nusu nyingine walipangiwa kijiji kingine, upande wa barabara. Kila kaya ilijua inakokwenda. Kitu ambacho hakikupangiwa mahali kilikuwa kanisa. Je, usharika ugawanyike? Bati lichukuliwe na nani? Au wote tujiunge na makanisa tutakayoyakuta huko, na hili letu life?

Mchungaji wetu alikuwa kijana bado, ametoka chuoni karibuni, mwembamba, mwenye tabia ya kufikiri huku akivuta ncha ya sikio lake. Aliitisha mkutano baada ya ibada ili waumini waamue wenyewe. Mkutano huo haukufika popote. Wazee watatu walisema, wakasema tena, na wanawake tukatazama sakafu. Vijana walipoulizwa walisema wanakubaliana na wazee, ingawa wazee wenyewe hawakuwa wamekubaliana.

Jumapili iliyofuata mchungaji akaja na utaratibu mwingine. Alitugawa vikundi vitatu, kila kimoja wanaume kwa wanawake, wakubwa kwa wadogo. Kikundi kimoja kilikaa ndani ya kanisa, kimoja barazani, na kingine kwenye kibanda cha shule ya Jumapili. Tukae duara, alisema, tufumbe macho, tunyamaze mpaka mmoja wetu ajisikie kusema neno. Anayesema asijitaje, na asijibiwe.

Mzee mmoja akauliza, "Mchungaji, tutasali au tutazungumza?"

"Tutazungumza mbele za Mungu, baba," alijibu. "Na mbele za Mungu hakuna anayemkodolea mwenzake macho."

Mimi na mama mkwe tulikuwa kikundi cha ndani. Mume wangu alikuwa barazani. Tulifumba macho. Mama mkwe alikuwa kushoto kwangu na alinishika mkono, kiganja chake kigumu kama mpini. Kwa muda nilisikia bati tu likilia kwa joto juu yetu. Halafu mwanamke mmoja akasema kwamba yeye anachotaka ni maji ya karibu. Mwanamume akasema wazazi wake wamelala hapa, atawaachaje. Msichana, na sote tulimjua kwa sauti, akasema anataka kuhama hata kesho, na watu wakacheka huku wamefumba macho. Mrina asali wa kijiji, ambaye mizinga yake ilitundikwa kwenye miti ya msitu mzima ule, akasema, "Nyuki wangu hawakuhudhuria mkutano wa tawi. Mimi nitawahamishaje?" Tukacheka tena. Ilikuwa kweli ajabu jinsi watu walivyofunguka.

Kisha ukapita ukimya mrefu, na mtu akasema:

"Mimi nimechoka. Ninyi nendeni. Nitabaki hapa hapa."

Ilikuwa sauti ya mwanamume, si mzee wala si kijana, kavu kidogo kama ya mtu aliyetembea kutwa bila kunywa maji. Ilisema Kiswahili, lakini kwa namna ambayo sikuwa nimeizoea, kila neno limesimama peke yake. Haikuwa na hasira wala huzuni. Nilidhani ni mmoja wa wazee waliokaa karibu na mlango. Mkono wa mama mkwe ulinikaza, halafu ukalegea.

Mchungaji alipogonga kengele tulifumbua macho, tukakusanyika wote kanisani, na kila kikundi kikatoa mtu wa kueleza yaliyosemwa. Aliyetoka kikundi chetu alieleza habari za maji, makaburi na nyuki, akamalizia, "Na mmoja wetu amesema amechoka, sisi twende, yeye atabaki hapa hapa."

Mjumbe wa kikundi cha barazani akageuka kumtazama. "Kwetu pia yupo aliyesema hivyo," akasema. "Maneno hayo hayo."

Na yule wa kibandani, mwanamke aliyefundisha watoto, akasema taratibu kwamba hata kwao.

Watu wakacheka kidogo. Mchungaji alivuta sikio lake, akasema huenda Roho anatukumbusha waliochoka miongoni mwetu, tusiwasahau. Likapita hivyo. Lakini wakati wa kutoka nilisikia watu wakiulizana mlangoni, "Kwenu alikuwa nani?" na sikusikia aliyetaja jina la mtu.

Jumapili iliyofuata watu walikuja wengi zaidi. Safari hii ukimya ulikuwa wa namna nyingine. Kila mtu alikuwa anasubiri, na waliosema walisema haraka haraka ili wamalize. Sauti ikaja, mahali pale pale penye ukimya mrefu, karibu sana, kama imetoka kwenye benchi langu mwenyewe. *Mimi nimechoka. Ninyi nendeni. Nitabaki hapa hapa.* Nilitaka kufumbua macho na kope zangu zikakataa. Sisemi zilizuiwa. Nasema niliogopa.

Aliyefumbua alikuwa jirani yetu, mke wa mkulima wa tumbaku. Alinieleza siku mbili baadaye kisimani, ndoo yake imejaa na bado hajaitwika.

"Nilisema leo nimwone," akaniambia. "Ilipoanza tu, nikafumbua. Dada, midomo yote ilikuwa imefungwa."

"Labda ulichelewa."

"Sikuchelewa. Ilikuwa bado inasema. Na ninyi wote, na macho yenu mmefumba, mlikuwa mmegeuzia nyuso upande mmoja. Pale karibu na mlango. Watu wameachiana nafasi kwenye benchi, nafasi ya mtu mmoja, kama vile mnavyomwekea mtu aliyetoka kidogo na atarudi."

Nilimuuliza kama aliona kitu kwenye nafasi ile. Akasema hapana, benchi tu. Hilo ndilo lililomtisha, alisema, kwamba hapakuwa na kitu na wote tulikuwa tunakisikiliza. Nilimsaidia kujitwika ndoo. Hakurudi tena kwenye mazungumzo yale, na alianza kufungasha vyombo vyake mapema kuliko wote.

Habari kama hiyo haikai kanisani. Ilitembea, na kila ilikopita ilipungua kitu na kuongezeka kingine, mpaka ilipofika kwenye ofisi ya tawi ilikuwa imekuwa hivi: kuna mtu kanisani anawachochea watu wasihame.

Mwenyekiti wa tawi akaja siku ya kazi, asubuhi, pamoja na mgambo mmoja. Hakuwa mtu mkatili. Mkewe alikuwa mmoja wa wanafunzi wangu wa kisomo, na yeye mwenyewe alikuwa na aibu ya kuingia kanisani na kofia, akaivua mlangoni. Lakini naye alikuwa na wakubwa wake.

Tuliitwa tukakaa kwenye mabenchi. Akauliza, "Ni nani aliyesema atabaki?"

Watu walinyamaza.

"Ndugu zangu, mimi sikuja kugombana. Nimeambiwa imesemwa mara nyingi, na ninyi wote mmesikia. Basi mnajua sauti ya nani. Tunajuana hapa."

Ningependa kueleza jinsi ukimya ule ulivyokuwa. Ukiulizwa swali rahisi na huna jibu lolote la kumwambia mtu mwenye akili zake, unatazama chini. Na watu zaidi ya arobaini wakitazama chini kwa pamoja, wanaonekana kama wanaficha. Mchungaji alisimama akaanza kusema kwamba utaratibu wa mazungumzo ulikuwa wa kufumba macho, hivyo si rahisi kumtambua msemaji. Alisema kweli, na kila neno lilizidi kuharibu.

"Mnafumba macho mnapojadili maagizo ya serikali?" mwenyekiti akauliza.

Mgambo ndiye aliyesema. Alisema amesikia kwamba mrina asali alikataa waziwazi, alidai hata nyuki wake hawamo kwenye operesheni. Mwenyekiti akamtazama mrina asali. Alikuwa mtu mfupi, mcheshi, mikono yote imejaa alama za moto wa mienge, na mkewe alikuwa amekaa nyuma akinyonyesha.

"Nilitania, mwenyekiti," akasema.

"Na kusema utabaki hapa, ulitania?"

"Hilo si langu."

"Ni la nani?"

Mrina asali akafungua mdomo, akaangalia kule karibu na mlango, akaufunga. Mwenyekiti akapumua kama mtu aliyechoka na kazi yake, akamwambia avae viatu, watakwenda naye Tabora akaeleze huko. Mkewe akamtoa mtoto kwenye ziwa, na mtoto akaanza kulia.

Mama mkwe alikuwa pembeni yangu. Alisimama bila haraka, akarekebisha kitenge chake.

"Ni mimi," akasema.

Mwenyekiti akamgeukia. "Bibi?"

"Mimi ndiye niliyesema nimechoka, ninyi nendeni, mimi nitabaki hapa hapa. Nilihama kutoka Kwihara kuolewa, nikahama tena mume wangu alipofuata tumbaku. Magoti yananiuma. Mtu mzee akichoka haruhusiwi kusema?"

Alisema kwa sauti yake mwenyewe, sauti ya kike, nzito, ambayo kila mtu mle ndani aliijua. Haikufanana hata kidogo na ile. Mwenyekiti akatuzungukia kwa macho. "Ni kweli ndiye huyu?"

Kanisa zima likaitikia kwamba ndiye. Mzee wa kanisa ambaye hajawahi kusema uongo mbele yangu, kabla wala baada, aliitikia kwa sauti ya juu kuliko wote. Mchungaji hakuitikia, ila aliinamisha kichwa, na mwenyekiti akakihesabu kichwa hicho kuwa ndiyo.

"Bibi yangu," mwenyekiti akasema, na safari hii alikuwa anatabasamu, "magoti hayatatembea. Gari litakuja hadi mlangoni pako."

"Basi nitapanda gari," mama mkwe akasema, akakaa.

Wakaondoka. Mrina asali alivua viatu alivyokwisha kuvaa, akabaki ameketi na viatu mkononi muda mrefu. Hakuna aliyesema neno la furaha. Tulijua tumemwondolea mtu shida, na tulijua pia kwamba tumemtaja mwenye maneno asiye wa kweli mbele ya mwenye maneno mwenyewe.

Nilimuuliza mama mkwe siku hiyo hiyo, tukichambua maharage nyuma ya nyumba. "Mama, hukuwa wewe. Nilikuwa nimekushika mkono."

"Najua. Ulihisi nilivyokukaza."

"Ni nani basi?"

Alipepeta maharage, akapuliza makapi. Halafu akanieleza jambo ambalo, alisema, hata mwanawe hajawahi kumweleza, kwa sababu mwanawe hakuuliza.

Babu yake alikuwa mpagazi. Alibeba pembe za ndovu na vitambaa katika njia ile ile, mwaka baada ya mwaka, hadi alipozeeka Kwihara. Aliwasimulia wajukuu habari nyingi za kuchekesha, na moja tu isiyochekesha. Mtu akiugua njiani, akawa hawezi tena, msafara hauwezi kumsubiri, maana maji yako mbele na chakula kimepimwa. Wenzake humtua mzigo, humkalisha pembeni mwa njia, humwachia kibuyu. Na yeye ndiye anayepaswa kusema.

"Kusema nini?"

"Kusema nendeni. Anayeachwa ndiye anayetoa ruhusa, ili wanaoondoka wasibebe deni. Ilikuwa adabu yao. Mtu hakuachwa mpaka aseme mwenyewe kwamba amechoka, wao waende, yeye atabaki. Babu alisema wengine walisema maneno hayo wakiwa hawana hata nguvu ya kushika kibuyu."

Niliacha kuchambua maharage. Nikauliza kama mahali pale kanisani palikuwa pa kuachia watu. Akasema hajui. Njia ni ndefu, alisema, na watu walichoka popote.

"Lakini ana adabu, mwanangu," akaendelea. "Sisi tunakaa tunaulizana kama twende au tusiende, na yeye mwenye kubaki ameshatwambia. Ametwambia mara ya kwanza, ya pili, na anarudia. Unajua kwa nini anarudia? Kwa sababu wenye kuondoka nao wana neno lao. Huitikia. Husema, tumesikia. Sisi hakuna aliyeitikia. Mchungaji alisema anayesema asijibiwe."

Jioni alikwenda kwa mchungaji, nami nikamsindikiza. Mchungaji alimsikiliza hadi mwisho, akiwa amesimama. Kisha akasema kwa upole kwamba yeye hawezi kuwaongoza waumini kuwajibu wafu. Angeulizwa na wakubwa wake wa kanisa. Naye mwenyewe hakuamini hivyo.

"Sikusema wafu, mchungaji," mama mkwe akamwambia. "Wewe ulisikia sauti?"

Mchungaji alivuta ncha ya sikio lake. "Nilisikia."

"Ilikuwa inaomba kitu kibaya?"

"Hapana."

"Mtu akikuaga kwa heshima, ukanyamaza, wewe ni Mkristo wa namna gani?"

Mchungaji alitusindikiza hadi njiani bila kuahidi kitu. Lakini Jumapili iliyofuata, ambayo ilikuwa ya mwisho kabla ya magari ya kutuhamisha, alisema hatutakaa vikundi. Tutakaa wote kanisani, duara moja kubwa, tufumbe macho, tuagane na mahali tulipobatiziwa, kila mmoja kwa neno lake.

Ilikuwa saa tisa hivi mchana. Mawingu ya kwanza ya mwaka yalikuwa yamekusanyika bila kunyesha, na hewa haikutikisika. Mume wangu alikaa kuume kwangu, mama yake kushoto. Tuligawana mabenchi, na sikuthubutu kutazama upande wa mlango kama nafasi ipo. Tukafumba macho.

Safari hii hakusema mtu yeyote kabla yake. Sauti ilikuja peke yake, na ilikuwa dhaifu zaidi, kana kwamba ilikuwa inaishiwa.

"Mimi nimechoka. Ninyi nendeni. Nitabaki hapa hapa."

Mama mkwe akasema, "Tumesikia."

Nikasema, "Tumesikia." Mume wangu akasema. Ikazunguka duara, mmoja baada ya mwingine, wanaume, wanawake, mtoto mmoja aliyesema kwa kunong'ona, mrina asali, mzee wa kanisa. Wa mwisho alikuwa mchungaji, aliyekaa kushoto kwa mama mkwe. Duara lilipomfikia, lilikuwa limekamilika. Naye akasema, "Tumesikia."

Na baada yake mtu mwingine akasema.

Ilitoka nje, nyuma ya ukuta. *Tumesikia.* Halafu mwingine, mbali kidogo. Halafu mwingine. Sauti za watu wengi, kila moja ikisema neno hilo moja, zikifuatana, zote zikiwa kwenye mstari ule wa njia ya zamani, zikienda upande wa magharibi. Hazikuwa kali. Walisema kama watu wanaotembea, bila kugeuka. Zilififia hata sikuweza kujua kama ninasikia neno au ninasikia damu masikioni mwangu. Kisha mbuzi akalia uwanjani, na mtoto akacheka, na tukafumbua macho.

Hatukutazamana. Mchungaji alisimama, uso umemlowa jasho, akasema bado tuna jambo la kuamua. Na jambo lile ambalo lilitushinda muda wote ule tukaliamua kwa muda wa kufunga kamba. Usharika utagawanyika. Bati lichukuliwe na wa barabarani, maana huko hakuna kanisa. Mabenchi na kengele vije kwetu. Hakuna aliyebisha. Mzee aliyekuwa mbishi kuliko wote ndiye aliyependekeza.

Magari yalikuja na vumbi lake. Mama mkwe alipanda kama alivyoahidi, amekaa juu ya magunia na kuku wawili mapajani, akiangalia mbele. Watu walimtania: wewe si ulisema utabaki? Alicheka nao. Mrina asali alihamisha mizinga aliyoweza, na kila msimu wa asali, mpaka mama mkwe alipofariki akiwa mtu mzima sana na amezungukwa na wajukuu, alituletea kibuyu kimoja bila kutaja kwa nini.

Maisha ya kijiji kipya yalikuwa na shida zake. Maji yalikuwa mbali kuliko tulivyoahidiwa, nyumba zilipangwa mstari kama mahindi, na treni ilitikisa vikombe usiku. Kanisa tulilolikuta halikututosha, tukajenga lingine dogo. Tulipogombana juu ya jambo lolote, tulifanya hivyo macho yakiwa wazi, na wanawake tulikuwa tumekwisha kujifunza kusema. Mchungaji alihamishiwa upande wa Nzega. Nilimwona huko miaka mingi baadaye, mvi zimemjaa, akifundisha wainjilisti jinsi ya kuendesha mikutano. Tulizungumza habari za watoto. Aliponisindikiza kwenye basi alisema, bila mimi kumuuliza, kwamba anawafundisha mambo mengi aliyojaribu ujanani, ila moja huliruka.

Mimi na mume wangu tulirudi mahali pale mara moja tu. Alikuwa anatafuta mninga wa kutengenezea milango, na mti mzuri, alikumbuka, ulikuwa upande ule. Matofali ya kanisa yalikuwa yameyeyuka kwa mvua, yamebaki kilima cha udongo mwekundu kilichoota nyasi. Njia ya zamani ilikuwa bado imebonyea. Tulikaa tukala karanga. Ndege walilia, upepo ulipita, hapakuwa na lolote la ajabu.

Mume wangu akaniuliza, "Ilikuwaje, ile sauti?"

Nilidhani anataka tukumbushane. Nikamwambia ulikuwepo, unaijua.

"Sikuwahi kuisikia," akasema. "Barazani walisema wameisikia, nikanyamaza. Siku ile ya mwisho nilisikia umeitikia, mama ameitikia, nami nikaitikia. Baada ya mchungaji mkakaa mmefumba macho muda mrefu, wote mmegeuka kama mnasikiliza kitu kinachokwenda. Nilifumbua nikawaangalia. Nilitamani sana kujua ni nini."

Tulikuwa na watoto wanne wakati huo. Muda wote ule alikuwa hajasema. Nikamweleza jinsi ilivyokuwa: kavu kidogo, bila hasira, karibu sana, kama ya mtu aliyeketi pembeni yako hivi.

Alitazama upande wangu wa pili, pale palipokuwa na nyasi tu. Alitazama kwa muda. Halafu akakung'uta maganda ya karanga kwenye suruali, akachukua shoka lake, akasema tuutafute ule mti kabla mvua haijatukuta.